Kifo Fasaha cha Bi. Nyamizi

Nchi yetu ni nchi yenye bahati. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina gesi. Sisi tuna Sheria ya Kusema Sawasawa. Wageni wakija hutuuliza sheria hiyo ilitoka wapi, kwa hiyo nitaanzia hapo, kisha nieleze yaliyompata Bi. Nyamizi, mke wa fundi Luhende, ambaye mpaka leo ofisi za wilaya yetu humtaja kwa sifa.

Kiongozi wetu Mpendwa alikwenda mkutanoni ng'ambo. Asubuhi akaingia bafuni kwenye hoteli, akakuta hakuna sabuni. Akainua simu, akaagiza kwa Kiingereza. Alitaka sabuni, ila ulimi wake ulikuwa umechoka kwa hotuba za jana yake, ukatamka kitu kilichokaribia supu. Akaletewa supu ya kuku, bakuli zima, inafuka moshi. Mtu mwingine angeirudisha. Kiongozi wetu hajawahi kukosea maishani mwake, na hakuona sababu ya kuanza siku ile mbele ya mhudumu wa hoteli. Akaioga. Mawaziri waliofuatana naye, kwa utii, nao wakaagiza supu wakaoga. Inasemekana kikao cha asubuhi kilinukia bizari, na wajumbe wa nchi nyingine waliomba waende kula mapema.

Aliporudi alitutangazia redioni: "Nilichotamka ndicho nilichopewa. Huo ndio ustaarabu, na mimi nimewaletea." Bunge likapiga makofi likiwa limesimama. Tangu hapo, katika kila ofisi ya serikali, raia huomba huduma kwa Kiingereza, na alichotamka ndicho kinachokuwa kweli. Hakuna kusahihisha. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliomba likizo ya harusi yake. Alitaka kusema *wedding*, ulimi ukavuta kidogo, ikasikika *weeding*, yaani palizi. Akapelekwa kupalilia shamba la mahindi la Mkuu wa Wilaya, na bibi harusi akamfuata huko na jembe lake. Walioana katikati ya matuta. Serikali yetu haina roho mbaya.

*

Luhende alikuwa fundi wa kuziba masufuria yaliyotoboka. Alikaa pembeni ya soko na nyundo yake, mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Siku moja kabla ya adhuhuri alishikwa na maumivu ya kifua, nyundo ikamtoka mkononi. Mkewe Nyamizi na Masalu, mdogo wake Luhende, wakampakia kwenye bajaji, wakamkimbiza Hospitali ya Wilaya. Walifika naye akiwa anapumua. Wakaambiwa wasubiri. Walipoitwa, alikuwa hapumui tena.

Daktari alikuwa mwungwana. Alimfunika shuka, akatazama mlangoni kama mtu anayeuza kitu cha magendo, akasema kwa Kiswahili cha chinichini, "Pole, mama. Ametutoka. Lakini mimi sijasema kitu. Nenda dirishani ukaseme wewe."

"Niseme nini, baba?"

"Useme amekufa. Kwa Kiingereza. Mwili utakaa chumba cha maiti mpaka useme, na usiposema hautoki."

Dirisha lenyewe lilikuwa mwisho wa korido, na nyuma yake aliketi Bwana Mashauri, Msikilizaji wa Daraja la Kwanza, amevaa tai na amejipaka mafuta masikioni. Neno lililotakiwa lilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: *deceased*. Maana yake marehemu. Hutamkwa disiist, na mwishoni mtu hufunga mdomo ghafla kama aliyeona nyuki. Ubaya wake ni kwamba lina jirani, *diseased*, ambalo maana yake ni mwenye maradhi, na hutamkwa dizizd. Wenye lugha yao hawapati tabu kuyatofautisha. Hata hivyo, wenye lugha yao hawaji kuchukua maiti katika wilaya yetu.

Nyamizi alisoma Kiswahili mpaka darasa la saba, na alisoma vizuri. Akalitazama lile neno, akalikuta limejaa herufi zisizojua zinakwenda wapi. Masalu akataka kumsaidia, akaambiwa na askari kwamba msemaji wa mume ni mke. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakamnong'oneza, "Disizi, dada. Sema disizi, twende."

"Hazbandi," akasema Nyamizi, machozi yanamtiririka. "Hazbandi, disizi."

Bwana Mashauri akafumba macho, akasikiliza mwangwi, kisha akayafumbua kwa furaha. "Dizizd! Mume wako ni mgonjwa. Pole sana, mama. Wodi namba sita."

"Hapana, baba. Amekufa."

"Sijasikia."

"Amekufa! Yuko kule chumba cha maiti, nenda ukamwone!"

"Mama," akasema Bwana Mashauri kwa upole, "naona midomo yako inacheza, lakini hakuna kinachotoka." Akagonga mhuri.

Na hapa ndipo mtu anapoona uzuri wa serikali inayofanya kazi. Nyamizi hajatoka kwenye korido, wahudumu wawili walikuwa wamekwisha kumtoa Luhende chumba cha maiti, wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kuelekea wodini.

*

Wodi namba sita ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda, kwa hiyo kila kitanda kililaza wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Luhende akawekwa pamoja na Mzee Bundala, aliyevunjika nyonga. Sista Apolonia, muuguzi wa zamu, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, akasoma karatasi, akasoma tena. Alikuwa mwanamke aliyechoka kwa miaka mingi.

"Sista," Masalu akamwambia, "wewe ni mtaalamu. Mguse tu. Huyu si amekufa?"

"Kaka yangu, mimi siruhusiwi kujua," akasema Sista Apolonia. "Karatasi inasema mgonjwa. Mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Mama, nenda ukalete uji."

Nyamizi akaleta uji. Angefanyaje? Akaketi pembeni ya kitanda na kikombe mkononi, akamtazama mumewe. Uso wake ulikuwa umetulia, na kwenye kidole gumba kulikuwa na alama nyeusi ya nyundo ambayo haikuwahi kutoka kwa sabuni yoyote. Akachovya kitambaa kwenye maji akamfuta mikono, kidole kimoja kimoja. Uji akaunywa Mzee Bundala.

"Binti yangu, nisamehe," akasema mzee akijipangusa ndevu. "Najua hali ilivyo. Lakini sijawahi kulala na mwenzangu mpole namna hii. Hajigeuzi, havuti blanketi. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa ananipiga mateke."

"Alikuwa mpole hata nyumbani," Nyamizi akasema.

"Mwambie yaliyopo, bado anaweza kusikia. Mimi mke wangu alipokufa nilimwambia."

Basi Nyamizi akamwambia. Akamweleza kwamba watoto wako njiani, kila mmoja kapata basi lake. Kwamba majirani wamefunga turubai uani na kuni zimeshapasuliwa. Kwamba kaburi limeshachimbwa, karibu na mpapai, na mvua ikinyesha litajaa maji, kwa hiyo avumilie kidogo, yeye anakwenda kujifunza neno. Joto la wodi lilikuwa kali. Ilipofika jioni, daktari wa mzunguko alipita, akaziba pua, akaandika kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano na aogeshwe mara kwa mara.

*

Nje ya geti la hospitali, chini ya mwavuli wa soda, alikaa mtu aliyeitwa Profesa wa Getini. Zamani alikuwa akitangaza mabasi kwa kipaza sauti. Mbele yake palikuwa na ubao: TUNAFUNDISHA KUZALIWA, KUOA, LESENI YA LORI NA KUFA. Hakuwa na haja ya kuita wateja. Bwana Mashauri aliwatengeneza humo ndani kutwa nzima.

"Kufa," akasema Nyamizi.

"Kufa kuna ugumu wake," akasema Profesa. "Una nini cha kunilipa?"

Alikuwa na masufuria mawili, ya mwisho aliyoyaziba Luhende kabla ya nyundo kumtoka. Profesa akayajaza maji, akayainua juu akachungulia chini yake, hakuona tone. "Huyu alikuwa fundi," akakiri, akayaweka chini ya kiti. "Haya, nifuate. Disiist."

"Disisti."

"Ti imebaki. Imeze."

"Disisti."

"Bado ipo. Mama, sisi tumelelewa vibaya, kila neno letu linaisha na mdomo wazi. Kiingereza kinaisha mlango umefungwa. Shemeji mtu, sogea hapa. Akifika mwisho, mzibe."

Masalu akasimama nyuma ya shemeji yake, mkono tayari. Kila Nyamizi alipofika mwisho wa neno, Masalu akamziba mdomo kwa kiganja, pa, kabla ile irabu haijatoka. Watu wakasimama kutazama. Walikuwepo wajane wengine pia, na baba mmoja aliyekuwa akijifunza jina la ugonjwa wa mwanawe, naye alikuwa anazibwa na mkewe. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji, nakuumiza?" Masalu akauliza.

"Ziba tu."

Midomo ilivimba. Alipochoka kwa Profesa alirudi wodini, akaketi pale kitandani, akaendelea. Mbele yake hakuwa na mtu mwingine wa kumtamkia ila mumewe, kwa hiyo alimwinamia sikioni, akamwambia kwa lugha ya kigeni, tena na tena, kwamba amekufa. Mzee Bundala alisikiliza macho yamefumba. "Ti hiyo," alikuwa akisema. "Hapo sawa. Ti hiyo tena."

Mpaka siku moja asubuhi neno likatoka. Likatoka limekatwa mwisho kama kwa kisu. Mzee Bundala akafumbua macho. "Lirudie," akasema. Akalirudia. "Hilo, binti yangu. Kimbia kabla halijapoa."

Getini alisimama mbele ya Profesa, akampa lile neno. Profesa akamwinulia kofia. "Sasa usiende na neno moja, mama. Siku hizi wanataka sentensi. Sentensi ya Kiingereza huanza na *Ai em*. Zote. Nimetangaza mabasi miaka mingi, najua. *Ai em*, halafu neno lako."

Sina nia ya kumlaumu Profesa. Nchi yetu ina wataalamu wengi, na wengi wao walianzia kwenye mabasi.

*

Foleni ilikuwa ndefu. Nyamizi hakumsalimia mtu, hakuitikia salamu, alikaza midomo asije akalimwaga neno njiani. Ilipofika zamu yake akasimama wima mbele ya dirisha. Masalu alikuwa nyuma yake, mkono tayari, akaambiwa na askari aushushe.

"Ndiyo, mama," akasema Bwana Mashauri.

"Ai em disiist."

Bwana Mashauri akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, kisha machozi yakaanza kumtoka, akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Mara moja zaidi," akaomba. "Kwa ajili ya wenzangu."

Wenzake wakaja kutoka madirisha mengine, wa vizazi na wa leseni. Nyamizi akarudia. Wakapiga makofi. Akaja mpiga picha wa ofisi, akampanga Nyamizi kando ya bendera, akamwambia ainue kidevu. Bwana Mashauri akajaza cheti kwa mwandiko wake mzuri kabisa, akagonga mihuri yote aliyokuwa nayo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Masalu ndiye aliyesoma. Alisoma, akatazama jina, akakishika cheti karibu na macho.

"Mheshimiwa, hapa pana kosa. Umeandika Nyamizi."

"Ndivyo alivyosema. Kasema, ‘Mimi ni marehemu.’ Wilaya nzima imesikia, na kwa matamshi ambayo mimi binafsi sijapata kuyasikia kwa raia."

"Lakini si huyu hapa? Si anapumua?"

"Anapumua," Bwana Mashauri akakubali. "Hatujasema vibaya juu ya kupumua kwake."

"Baba," Nyamizi akamwambia, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Baba yangu, nakuomba. Aliyekufa ni mume wangu. Mimi niko hai. Nimekuja kumchukua nikamzike, basi. Sitaki kingine."

Bwana Mashauri akamwangalia Masalu. "Anasema nini?"

"Si unamsikia, mheshimiwa! Anasema yuko hai!"

"Anasema kwa Kiswahili," akajibu Bwana Mashauri, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Kiswahili hapa si ushahidi. Halafu tazama foleni, bwana. Marehemu hana dirisha. Mpishe aliye hai."

*

Walikaa kwenye benchi la nje. Nyamizi alitaka kurudi dirishani, alitaka kulala pale mlangoni, alitaka kumtafuta Mkuu wa Wilaya shambani kwake. Masalu alikuwa anakigeuza kile cheti huku na huku. Nyuma yake palikuwa pameandikwa kibali: mwili mmoja, utoke hospitalini, ukazikwe.

"Shemeji," akasema taratibu, "hapa pana mwili mmoja."

"Wa kwangu."

"Ndiyo. Lakini wa kwako unatembea. Kwa hiyo hiki kibali hakina kazi nyingine."

Nyamizi alimwelewa. "Tukimtoa kwa jina langu," akauliza, "yeye atakuwa nani?"

Masalu akakikunja cheti, akainuka. Wakaenda wodini.

Sista Apolonia alisoma kibali mpaka mwisho. "Maiti wa kike," akasema. Akatazama safu ya vitanda, akatazama watu waliolala sakafuni wakisubiri vitanda, akamtazama Luhende. "Karatasi inasema kuna maiti wa kutoka. Humu nina mmoja tu anayefanana na maiti. Mchukueni haraka, na mpite mlango wa jikoni."

Mzee Bundala akamshika mkono mwenzake aliyekuwa akilala naye, akautikisa kama watu wanaoagana stendi. "Nenda salama, fundi," akasema, akajivuta katikati ya kitanda, akalia.

*

Mazishi ya serikali yetu husimamiwa na Mkaguzi wa Makaburi, kuhakikisha anayezikwa ndiye aliyetamkwa. Alifika kwa pikipiki, akaomba cheti, akaangalia msalaba. Masalu alikuwa ameuandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: NYAMIZI. Mkaguzi akaridhika. Kisha macho yake yakamwangukia mwanamke aliyefunga kanga nyeusi, aliyesimama mbele kabisa kando ya jeneza, anayefanana sana na picha iliyobandikwa ukutani kule wilayani.

"Huyu ni nani?"

Masalu akajitia kunyoosha msalaba.

"Kwa mujibu wa kanuni, marehemu hawezi kuwa miongoni mwa wafiwa," akasema Mkaguzi. "Sitaki kujua mengi. Ila asionekane."

Nyamizi akaondolewa. Mabinti zake wawili wakamshika mikono, wakampeleka nyuma ya banda la jikoni, penye vyungu na moshi. Pale alisikia kila kitu na hakuona chochote isipokuwa migongo ya watu.

Mkaguzi akatoa hotuba. Alisema wilaya imempoteza mwanamke wa mfano. Alisema wengi wetu hufa ovyo ovyo, kwa kugugumia, kwa lugha za nyumbani, na kuisumbua serikali. Lakini marehemu Nyamizi amekufa kwa ufasaha. Watu wakapiga makofi kidogo, kwa sababu palikuwa na askari.

"Nina jambo moja la kusikitisha," akaendelea. "Nimepata taarifa kutoka hospitali kwamba mume wa marehemu, Luhende, ametoroka wodini. Mkewe amefariki, yeye ametoroka! Ndugu wananchi, angalieni. Yuko hapa? Hayupo! Mwanamume gani huyu anayeshindwa kuja kumzika mkewe? Naomba tumzomee."

Watu wakatazama chini. Kisha kwa sababu askari alianza, na yeye akiwa anawatazama, wengine wakamfuata, sauti ndogo, bila kuinua vichwa: uuu. Jeneza lilikuwa hapo katikati yao.

"Yupo!"

Sauti ilitoka nyuma ya jikoni. "Yupo hapo! Yupo mbele yenu! Luhende hajawahi kuniacha hata siku moja!"

Mkaguzi akageuza shingo. "Nani anaongea?"

Masalu alikuwa ameshika koleo. Aligeuka kuelekea jikoni, akageuka tena kwa Mkaguzi, na wale waliokuwa karibu naye wanasema midomo yake ilifunguka na kufungika kabla hajasema neno.

"Hakuna mtu, mheshimiwa."

"Nilidhani nimesikia."

"Hakuna mtu."

Jeneza likashushwa. Wakaja ndugu, mmoja mmoja, wakatupa udongo, halafu makoleo yakaanza. Masalu hakungoja limalizike. Aliinama, akachota konzi moja ya udongo wa pale pale kaburini, akazunguka nyuma ya jikoni, akamfungua Nyamizi kiganja na kummiminia.

"Shemeji, nimekuletea wa kwako," akasema. "Nisamehe."

Nyamizi alikitazama kiganja chake. "Nimwagie wapi?"

"Ngoja Mkaguzi aondoke, nikupeleke."

Lakini Mkaguzi alikuwa ameshakaribishwa kiti chini ya turubai, na wali ulikuwa umeiva. Akaletewa sahani, akanawa, akala bila haraka, akaomba aongezewe nyama. Nyamizi akasimama nyuma ya banda, mkono umeinuliwa mbele yake, amefumba vidole ili udongo usidondoke.